Mtambo wa Kurashia

Siku tano za mwanzo nilimtilia kinyonga maji kwenye kisahani cha chai, na siku zote tano hakuyatazama. Jicho moja likiangalia ukuta, la pili likiniangalia mimi, na maji yapo katikati yanaingia vumbi. Nikamsogezea. Nikakigonga kisahani kwa kijiko, kama anavyoitwa paka. Mwisho nikamkaripia. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, fundi viyoyozi, nimeinama uani kwangu Ng'ambo nikimgombeza mnyama asiyejaa kiganja kwa sababu hataki kunywa.

Binti yangu alikuwa ameshanieleza. Alinieleza mara tatu kabla hajasafiri: kinyonga hayajui maji yaliyotuama, yeye huyajua matone. Hunywa umande na mvua juu ya majani, na mwili wake unataka unyevu kila siku, la sivyo macho yanaingia ndani na anakauka taratibu. Lakini mimi ni mtu wa kusikia nusu ya maneno. Nusu ya pili mtu anapoisema, mkono wangu ushashika bisibisi. Marehemu mama yake alikuwa akisema kwamba nikiitwa peponi nitaondoka mbio kabla ya kuambiwa mlango uko wapi.

Kinyonga mwenyewe binti yangu alimwokota njia ya Uroa, kagongwa na bodaboda, mguu wa nyuma umevunjika. Akamtengenezea tundu la mbao na wavu wa dirisha, refu kama kabati la vyombo, ndani akamwekea matawi ya mpera na chungu cha asumini. Alipopata nafasi ya kusomea tiba ya wanyama Morogoro, mguu ule ulikuwa bado haujashika vizuri, na huwezi kwenda kuanza chuo na kinyonga kwenye mkoba. Nikadhani atampa mtu anayejua mambo hayo. Siku ya safari, tupo bandarini, begi lake nimelibeba mimi, akanigeukia.

"Baba," akasema, "nnakuachia amana."

Hakusema niangalizie, wala hakusema nisaidie. Alisema amana, na kwetu neno hilo halitamkwi ovyo. Ukiazima kitu ukakiharibu utaomba radhi, mambo yataisha. Ukiwekewa amana ukaipoteza, hata msikitini unahisi watu wanakutazama mgongo. Nikamjibu kwamba inshaallah ataikuta. Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, kisha akaenda zake kwenye boti. Nilijua anaona nini usoni kwangu. Alikuwa anamwona mbuzi.

Mbuzi huyo alikuwa wake alipokuwa na miaka tisa. Mbuzi jike, mweusi mwenye masikio meupe, aliyelelewa kwa maganda ya ndizi humo humo uani. Kamba yake aliisuka mwenyewe kwa pindo za kanga kuukuu za mama yake, nyekundu na njano. Likizo moja yeye na mama yake wakaenda Tumbatu kwa bibi yake, na mimi nikamwahidi kwamba mbuzi atamkuta. Wiki hiyo hiyo dada yangu mkubwa anaozesha, nyama ya pilau imepunguka, akanijia asubuhi amechanganyikiwa. Nikampa mbuzi. Sikufikiri hata kwa muda wa kufunga vifungo vya shati. Tulipoulizana mtoto ataambiwa nini, dada ndiye aliyenipa maneno: mwambie kakata kamba. Nikamwambia. Siku tatu mtoto alizunguka vichochoro akimwita mbuzi wake, na mimi nipo barazani nakunywa kahawa, namsikia. Siku ya nne hakwenda tena, nikamshukuru Mungu kwamba watoto husahau.

Kwa hiyo siku ya sita, nilipoona macho ya kinyonga yameanza kuingia ndani kama nilivyoonywa, nilitoka mbio kwenda dukani. Nikanunua chupa ya kupulizia, ile ya kinyozi, nikawa nalowesha majani. Matone yakajikusanya kwenye ncha ya jani la mpera. Akanyoosha shingo polepole, akafungua mdomo, akanywa. Nilisimama pale nikihesabu anavyomeza. Nimefuturisha watu wengi maishani mwangu, lakini sijawahi kufurahia kumwona kiumbe akinywa maji namna ile.

Tabu ni kwamba alitaka hivyo mara tatu kwa siku, na kazi yangu ni ya kupanda ngazi za watu. Leo nipo Shangani, kesho Uroa kwenye mahoteli ya ufukweni, keshokutwa duka la vitambaa Mji Mkongwe. Nikiwa juu ya ngazi nikimsafishia mtu kiyoyozi, ninachokiona ni majani makavu ya mpera. Mara mbili niliacha kazi katikati nikarudi mbio na vespa, mfuniko wa mashine ya watu nimeuacha sakafuni. Mteja mmoja akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza ni nani, nikajifanya simu inaita.

Nikasema basi, atarashiwa na mashine.

Kwanza nilichukua mpira wa dripu kutoka duka la dawa, nikauunga na chupa ya maji iliyopinduliwa. Ulidondosha vizuri, na kigurudumu chake unakifunga na kukifungua utakavyo. Lakini ulidondosha mahali pamoja tu: jani moja linaoga, mti mzima mkavu, na chini ya tundu pamekuwa tope la kupandia mpunga. Nikaung'oa. Nikaenda Mlandege kwa watu wanaouza vipande vya magari mabovu, nikapata pampu ndogo, ile ya kurushia maji kwenye kioo cha mbele. Nikaiunga na betri kuukuu ya pikipiki, ili umeme ukikatika isitutie aibu, na katikati nikaweka taima ya Kichina, kidude kisichozidi kiberiti. Tangi ni ndoo iliyokwisha mafuta ya kupikia. Mpira mwembamba nikaupitisha juu ya tundu, na juu yake nikachomeka vichwa vitatu nilivyoving'oa kwenye chupa za kinyozi.

Siku ya kwanza kuujaribu mpira ukachomoka, ukanilowesha mimi, ukuta, na nguo za jirani zilizokuwa zimeshakauka. Nikakaza kwa raba za tyubu ya baiskeli. Siku ya pili ukarashia. Sekunde thelathini tu, kwa sababu pampu ile haikuumbwa kwa kazi ndefu, lakini zilitosha. Haukuwa ukungu wa kuonyesha watu. Ilikuwa rasharasha, kama ile ya asubuhi za vuli isiyomfanya mtu akimbie. Kinyonga akageuka kijani kibichi na kuinua kidevu. Nikapiga picha nikamtumia binti yangu. Akajibu maashallah, kisha akauliza kama amekula. Alikuwa amekula. Kila siku jioni nilikuwa nakwenda kwenye majani ya kiwanja cha mpira kufukuza panzi kwa kipande cha chandarua, na waliokuwa wakinijua walianza kunisalimia kwa huruma.

Siku nne mtambo ulikwenda vizuri. Siku ya tano vichwa viwili vikaziba. Nikavitia ndani ya maji ya ndimu vikazibuka, baada ya siku mbili vikaziba tena. Chokaa. Maji yetu haya hukaa kwenye mawe ya matumbawe kabla ya kufika bombani. Anayebisha akalitazame birika lake ndani. Nilikaa na vichwa vile kiganjani, nimekasirika mpaka sikio linaniwasha, na sikujua nimkasirikie nani, maana mawe yaliumbwa kabla yangu.

Jibu lilinidondokea utosini. Si maneno ya mapambo. Nilikuwa napita kichochoro cha Mji Mkongwe mchana, tone la kiyoyozi likanipiga katikati ya upara. Watu wakidondokewa hivyo humtukana fundi, na kwa miaka ishirini na tano anayetukanwa ni mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa natega mipira ya kuyapeleka maji hayo mtaroni, na ndiyo maji niliyokuwa nayatafuta: unyevu wa hewa uliojikusanya kwenye chuma baridi, hayana chumvi wala chokaa. Nikaweka dumu chini ya mashine ya lile duka la vitambaa, mashine niliyoiosha kwa mkono wangu, na maji nikayachuja kwa kitambaa safi. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa siku moja dumu lilijaa, na vichwa havikuziba tena.

Hapo mtu mwenye akili angetulia. Mimi sikutulia. Nilikuwa naamka nakwenda kusikiliza pampu. Nikiwa kazini, saa sita ikifika, nasimamisha mkono na kuhesabu sekunde thelathini kimoyomoyo. Na watu sikuwaambia. Wengi kwetu wanamwogopa kinyonga kuliko nyoka, na wachache wanajua kwa nini. Nami niliona aibu kwamba fundi mzima anamhangaikia mnyama kuliko alivyowahi kumhangaikia binadamu. Anayekuja uani anaona shuka nililolizungushia tundu pande nne, juu nimeacha wazi apate hewa.

Dada yangu ndiye wa kwanza kati ya hao wanaoogopa. Kwake yeye kinyonga ni ndugu yake mjusi kafiri, na mjusi kafiri kwake hupigwa kandambili bila ya kesi. Kila Mfungo Sita dada husomesha maulidi ya wanawake, na mwaka huo uani kwake kulikuwa na ujenzi, akaamua yatasomwa kwangu. Hakuniuliza, dada yangu haulizi, hutangaza. Siku moja kabla akaja na majamvi na masinia, akalitazama lile shuka kwa pembe ya jicho, akasema asilione dudu hilo hata ukucha. Nikamwahidi hataliona. Tukiwa tumesimama pale saa kumi ikafika, mtambo ukanguruma, rasharasha ikashuka na kidogo ikampata usoni. Akajifuta shavu. Akaufuata mpira kwa macho toka kwenye ndoo mpaka kwenye vichwa.

"Hii nini tena?" akauliza.

Maneno ya kumjibu yalikuwa machache: hii ni ya kumnywesha kinyonga wa mwanangu. Lakini nilijua atakavyocheka, na nilijua atakavyowahadithia wenziwe, na kama kawaida yangu nikatoa nusu.

"Mtambo tu, dada. Unarashia."

"Saa ngapi na saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dada yangu hajawahi kuridhika na kitu changu tangu nilipozaliwa, na hata hilo halikunishtua.

Kesho yake adhuhuri uani kulijaa, nami nikatoka nje nikakaa barazani, maana maulidi ya wanawake mwanamume hana pa kukaa. Sauti zao zilikuwa nzuri. Walipofika pale wanaposimama kumsalia Mtume, ndipo mrashi huzungushwa, kile chombo cha shingo ndefu, kila mtu akarashiwa marashi ya mawaridi kichwani na viganjani. Nikawasikia wanainuka. Na papo hapo, saa kumi kamili, nikasikia pampu yangu. Harufu ya mawaridi ikaja mpaka barazani, nyingi kuliko mrashi wowote unavyoweza kutoa, na ndani vigelegele vikapaa.

Pumzi mbili nilikuwa bado sijaelewa. Ya tatu nikasimama. Kurashia. Mimi nilisema neno hilo nikiwa na maji kichwani, dada akalisikia likiwa na marashi, na kosa si lake. Mtu gani wa Unguja utamwambia una chombo kinachorashia, siku moja kabla ya maulidi, naye afikirie kinyonga?

Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Akatoka yeye, uso unang'aa, akaniambia nimempamba mbele za watu na kwamba kila mtu anauliza mtambo ule unauzwa wapi. Kichwa kimoja alikuwa amekigeuzia kwenye majamvi; viwili ameviacha vilipo, kama alivyosema, ukuta unukie. Nikamuuliza ametia marashi kiasi gani. Chupa mbili, na yale yaliyobaki ya Idi. Nikamwambia lazima niingie. Akasema dua bado, wanawake wamejikalia kwa nafasi yao, nitaingia nikapite wapi? Akafunga mlango.

Nilitembea toka mlangoni kwangu hadi duka la mkaa na kurudi, mara ngapi sijui. Muuza mkaa akaacha kunisalimia. Dua ikaisha, nikasikia masinia, nikajua sasa wanakula. Sijawahi kuuchukia ubwabwa kama siku ile. Walipotoka walitoka mmoja mmoja, kila mmoja ananukia na kila mmoja ana neno la shukrani, nami nawajibu nimeshika kitasa.

Nikavuta shuka. Kinyonga alikuwa mweusi kama kuni iliyozimwa. Ameshuka mpaka tawi la chini, amelikumbatia, mdomo nusu wazi, macho yote mawili yamefumba. Nikamwaga kilichomo ndani ya ndoo, nikaosha mpira, nikamtilia maji safi mgongoni kwa chupa ya kinyozi. Hakufumbua macho. Dada alisimama nyuma yangu, na nilipomwambia yote alishika kifua. Hakuwa na ubaya, aliumia kweli. Kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayemtafutia mdogo wake njia ya kutokea:

"Mwambie katoroka. Kwani hawa hawatoroki?"

Ilikuwa sauti ile ile ya kakata kamba. Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa binti yangu, anataka kujua maulidi yamekwendaje. Nikaiacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Asubuhi macho yalikuwa bado yamefumba. Nilikuwa na kazi Uroa, nikapanda vespa nikaenda, na njia nzima sikuwa nafikiri kazi. Nilikuwa nafikiri vichaka. Pale alipookotwa yule napajua, binti yangu aliwahi kunionyesha. Nikasimamisha vespa, nikaingia vichakani na viatu vyangu vya kazi, nikawa nafunua majani. Nilijiambia naangalia tu. Muongo. Nilikuwa na mfuko wa nguo mkononi.

Na nikampata kinyonga mwingine. Wa kijani, umbo lile lile, ukubwa ule ule, miguu minne mizima. Nilimpokea kwenye kijiti naye akapanda bila wasiwasi, akaanza kunitazama kwa jicho moja. Mguu ningesema umepona. Ningepongezwa. Nikaufungua mfuko. Nikajiona vizuri sana wakati ule, kama mtu aliyepita ghafla mbele ya kioo: mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mvi kidevuni, kwa mara ya pili anamtafutia mtoto yule yule uongo wa kumpa. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamrudisha kwenye tawi lake, nikakaa juu ya jiwe, nikapiga simu.

"Shikamoo baba. Mbona jana hukupokea?"

Marahaba sikuiwahi hata kuimaliza. Nilimwambia yote, na safari hii sikutoa nusu. Nilimwambia neno nililomjibu shangazi yake na kwa nini, nikamwambia chupa mbili na ya Idi, nikamwambia nimeacha simu ikaita. Nikamwambia niko wapi sasa na mfuko wa nini. Kisha akaanza kuniuliza maswali ya kidaktari, kavu, moja baada ya jingine: mdomo bado wazi? Ameshika tawi au amelala? Akasema atamuuliza mwalimu wake. Baada ya dakika chache akapiga yeye. Maji vuguvugu, safi, rasharasha laini, muda mrefu, macho zaidi, na nisimguse. Nirudi nyumbani nimpigie simu ya picha aone mwenyewe.

Niliwaambia watu wa hoteli sitakwenda. Njia ya kurudi sikuiona.

Uani nikaiegemeza simu kwenye chungu cha asumini, nikainama na chupa mkononi, nikaanza. Nikawa naona uso wake mdogo kwenye kioo cha simu, anamtazama kinyonga, hanitazami mimi. Nikarashia jicho la kulia, nikarashia la kushoto, nikarudi la kulia. Kidole kikaanza kuuma. Mara mbili nilitaka kubadilisha mkono, nikaogopa.

"Baba," akasema, "na yule mbuzi?"

Hakuinua macho. Alisema vile vile alivyouliza habari za mdomo na tawi. Nikaendelea kurashia, na huku narashia nikamwambia: hakukata kamba. Nilimfungua mimi, nikampa shangazi yako, akaliwa harusini. Miaka kumi na minne nilikuwa nimeyabeba maneno hayo, na kuyasema hayakunichukua hata sekunde thelathini.

"Nlijua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna alonambia. Siku ya tatu nlipita kwa shangazi. Kamba yangu alikuwa kafungia banda la kuku. Nzima, pindo zote zipo. Ndo maana siku ya nne sikutoka tena kumtafuta."

Mkono wangu ulisimama. Nikamwona yule mtoto wa miaka tisa mbele ya banda la kuku, anaigeuza kamba, anatafuta mahali ilipokatika. Kisha amerudi nyumbani, amenikuta barazani na kahawa yangu, amenipa shikamoo, ameingia ndani.

"Mbona hukunambia?"

"Nlikuwa nnasubiri useme wewe."

Nikaigeukia simu nikitafuta neno. Yapo maneno ya kuombea radhi, nayajua, lakini kila nililolishika niliona dogo. Nikasema nisamehe mwanangu. Maji yakawa yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Yeye alikuwa ameusogeza uso karibu na simu, anaangalia kitu nyuma ya bega langu, mahali ambapo mimi sikuwa naangalia tena.

"Usiache, baba," akasema. "Mrashie la kushoto. La kulia nshaliona limefumbuka."